Darasa la jioni la hisabati Machomane, Chake Chake: tathmini ya somo la namba wiani na namba zisizo wiani

Mzazi wa Chake Chake anayetafuta pahala pa kumpeleka mtoto wa Kidato cha Kwanza au cha Pili baada ya skuli hakosi pa kuchagua, kwani madarasa ya ziada yapo karibu kila mtaa. Tathmini hii inahusu darasa moja tu, linalofanyika Machomane baada ya sala ya Alasiri, na inahusu zaidi mada moja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayoonesha upesi kama mwalimu anafundisha hisabati au anakaririsha: mada ya kutofautisha namba wiani na namba zisizo wiani. Nimemwandikisha mwanangu hapo, na kwa idhini ya maalim nilikaa benchi la nyuma muda wote mada hiyo ilipokuwa ikifundishwa. Darasa wala maalim sitawataja kwa jina, kwa sababu hawakuomba kuandikwa.

Hukumu yangu naitoa mapema. Somo ni zuri, zuri kuliko nilivyozoea kuona katika madarasa ya aina hii, lakini lina pengo moja katikati yake, na kijitabu cha mazoezi kinachouzwa pamoja nalo kina kosa ambalo ni lazima lisahihishwe.

Fasili yenyewe ni fupi. Namba wiani ni ile inayoweza kuandikwa kama sehemu ambayo kiasi chake na asili yake ni namba kamili, mradi asili isiwe sifuri. Ile isiyoweza kuandikwa hivyo kwa namna yoyote ile ndiyo namba isiyo wiani. Mtoto huishika fasili hiyo siku ya kwanza, na katika mtihani huiandika bila ya kukosea neno. Lakini ukimwekea namba kadhaa mbele yake azipange, ndipo unapogundua kwamba fasili kaiweka kando na anapanga kwa macho: namba fupi na nadhifu anaiita wiani, na yenye tarakimu nyingi baada ya nukta anaiita isiyo wiani. Kalkuleta huizidisha tabia hiyo, kwa sababu kioo chake huonesha tarakimu kiasi cha kumi tu na hakisemi ni nini kinachofuata.

Maalim huyu ameijua tabia hiyo na ameanzia hapo hapo. Aliandika ubaoni namba mbili, 1/17 na kipeuo cha pili cha 2, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 2, akawataka wanafunzi wazipige kwenye kalkuleta na wanakili wanachokiona. Kwenye madaftari zikatokea namba mbili ndefu, zote hazina mpangilio wowote wa kuonekana. Kijana mmoja akasema, “Maalim, zote mbili haziishi.” Akajibiwa, “Haziishi, mwanangu, au kioo ndicho kilichoishiwa nafasi?” Kisha kalkuleta zikawekwa kando, na darasa zima likaanza kugawanya 1 kwa 17 kwa mkono.

Kazi hiyo ilichukua sehemu kubwa ya kipindi, na mzazi mwenye haraka angeweza kudhani kwamba muda unapotea. Haukupotea. Wanafunzi walitakiwa waandike mabaki pembeni mwa ukurasa kila hatua, na msichana aliyekaa mbele yangu alikuwa ameyapanga kwa penseli kama yalivyotoka: 10, 15, 14, 4, 6, 9, 5, 16, 7, 2, 3, 13, 11, 8, 12, na hatimaye 1. Ilipotoka 1, alisimamisha penseli, kwa sababu 1 ndiyo namba aliyoanza kuigawanya, na akaona mwenyewe kwamba kuanzia hapo kila kitu kitajirudia. Jibu ni 0.0588235294117647, halafu tarakimu hizo hizo 16 zinaanza upya, bila ya mwisho.

Hapo maalim akauliza kwa nini ilikuwa lazima irudi. Ukigawanya kwa 17, baki haliwezi kuwa jingine ila 0 au mojawapo ya namba 1 hadi 16. Likiwa 0, desimali imekoma. Lisipokuwa 0, zimebaki namba 16 tu za kuchukua zamu, kwa hivyo haiwezekani kwenda zaidi ya hatua 16 bila ya baki fulani kutokea mara ya pili, na baki likirudi tarakimu nazo hurudi. Hoja hiyo haiihusu 17 peke yake. Inahusu asili yoyote ile. Ndiyo sababu kila namba wiani ina desimali inayokoma, kama 7/40 ambayo ni 0.175, au desimali ambayo fungu fulani la tarakimu zake linajirudia daima. Nimesoma vitabu vingi vya mazoezi vinavyolitaja jambo hili kama kanuni ya kukariri, ilhali sababu yake inaingia katika kichwa cha mtoto wa miaka kumi na minne bila ya taabu yoyote akipewa nafasi ya kugawanya.

Njia ya kurudi, yaani kuigeuza desimali inayojirudia iwe sehemu, ilipitiwa kwa haraka, na sioni ubaya wake. Ukiiita 0.363636… kwa herufi x, basi 100x ukiitoa x inabaki 99x, nayo ni sawa na 36, kwa hivyo x ni 36/99, ambayo ikirahisishwa ni 4/11. Mifano mitatu ilitosha.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ilifuata baadaye, na vifaa vyake vilikuwa karatasi za A4 za kawaida kutoka duka la fotokopi. Kila mwanafunzi alipewa mbili. Ya kwanza aliikunja kwa kuulaza upande wake mfupi juu ya upande mrefu, ili mkunjo upite kwa mshazari kutoka pembeni. Mkunjo huo ni mshazari wa mraba ambao kila upande wake ni upana wa karatasi. Kisha akauweka urefu wa karatasi ya pili juu ya mkunjo huo. Vikalingana. Wanafunzi walijaribu kwa rula, wakageuza karatasi, wakajaribu tena, vikalingana tena.

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Kwa kanuni ya Pythagoras, mshazari wa mraba ni upande wake ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2. Basi, akauliza maalim, tumeshakipata? Je, kipeuo cha pili cha 2 ni 297/210, yaani 99/70, na kwa hivyo ni namba wiani? Darasa likagawanyika. Akawaambia wasibishane, wahesabu. Kama 99/70 ndiyo yenyewe, basi 99 mara 99 lazima iwe sawa na 70 mara 70 ikizidishwa kwa 2. Ya kwanza ni 9,801. Ya pili ni 9,800. Imekosekana kwa moja tu.

Kuna watu wazima waliomaliza skuli ambao hawajawahi kuoneshwa jambo hili, na nadhani lingewafurahisha kama lilivyowafurahisha watoto wale. Maalim aliongeza sehemu nyingine zinazokaribia: 7/5 inatoa 49 dhidi ya 50, 17/12 inatoa 289 dhidi ya 288, na 41/29 inatoa 1,681 dhidi ya 1,682. Kila mara imekosekana kwa moja, mara juu mara chini, na kila mara mtoto anatamani sehemu inayofuata iwe ndiyo. Tamaa hiyo ndiyo inayomfanya ausikilize uthibitisho, maana sasa ana swali lake mwenyewe la kujibiwa.

Uthibitisho wenyewe haukuwa ule wa shufwa na witiri unaopatikana katika vitabu vingi. Huo ni mzuri na umedumu tangu zama za Wagiriki wa kale, lakini maalim alitumia mwingine, unaotegemea tarakimu ya mwisho tu, na kwa watoto wa umri huu naona ulikuwa uamuzi wa busara. Tuseme kipeuo cha pili cha 2 ni sehemu a/b iliyokwisha kurahisishwa kabisa. Basi a mara a ni sawa na mara mbili ya b mara b. Sasa, namba kamili yoyote ikizidishwa kwa yenyewe huishia na 0, 1, 4, 5, 6 au 9, wala haiishii na tarakimu nyingine. Ukizizidisha tarakimu hizo kwa 2, matokeo huishia na 0, 2 au 8. Ili pande mbili zilingane ni lazima ziishie na tarakimu moja, na iliyomo katika orodha zote mbili ni 0 peke yake. Kwa hivyo a inaishia na 0, na b inaishia na 0 au 5, maana yake zote mbili zinagawanyika kwa 5. Lakini tulisema sehemu imekwisha kurahisishwa. Basi sehemu kama hiyo haipo, si ndogo wala kubwa, na hakuna atakayeipata hata akitafuta umri wake wote.

Nilipenda kwamba wanafunzi waliachwa wazihesabu wenyewe tarakimu za mwisho, kuanzia 0 hadi 9, kabla ya kuambiwa zinatumika kwa nini. Nilipenda pia kwamba walitakiwa warudie kwa 3, na wakaona kwamba njia inafanya kazi: orodha ya pili inakuwa 0, 2, 3, 5, 7, 8, zinazoshirikiana ni 0 na 5 tu, na a na b tena zinagawanyika kwa 5.

Baada ya hapo kijana mmoja akauliza swali ambalo kila mwalimu wa mada hii angeomba aulizwe: “Na 4 je, Maalim? Hii njia haitasema kwamba kipeuo cha 4 nacho si wiani, ilhali ni 2?” Wakaijaribu. Kwa 4, orodha ya pili ni 0, 4 na 6, na zote zimo katika orodha ya kwanza, kwa hivyo hakuna mgongano wowote. Njia haikumsingizia 4. Darasa lilifurahi, kipindi kikaisha, na hapo ndipo lilipo pengo nililolitaja mwanzo.

Kwa sababu mtoto aliyetoka siku hiyo angeweza kwenda nyumbani akiamini kwamba pasipo na mgongano, namba ni wiani. Na sivyo. Ukijaribu 6, orodha ya pili nayo inatoka 0, 4 na 6, sawasawa na ya 4, na mgongano haupatikani, ilhali kipeuo cha pili cha 6 si namba wiani. Njia ya tarakimu ya mwisho ni kama shahidi ambaye neno lake laweza kumtia mtu hatiani lakini haliwezi kumtoa. Kanuni iliyo kamili ni kwamba kipeuo cha pili cha namba kamili chanya ni wiani pale tu namba hiyo yenyewe ni mraba wa namba kamili, na sababu yake inapatikana kwa kuzivunja namba katika namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe: namba ikizidishwa kwa yenyewe, kila namba tasa iliyomo hutokea mara shufwa, na katika 6 mara b mara b, namba tasa 2 hutokea mara witiri. Kanuni hii ilikuja kufundishwa wiki iliyofuata, kwa dakika chache, bila ya kuunganishwa na somo lililotangulia. Mwanangu aliielewa kwa sababu tuliirudia nyumbani. Ningependa sana maalim aiweke 6 mara tu baada ya 4, siku hiyo hiyo, hata kama itambidi apunguze mifano ya mwanzo.

Kuhusu kijitabu cha mazoezi, sina budi kusema wazi. Kimechapwa vizuri, maswali yake ni mengi na yamepangwa kutoka mepesi hadi magumu, lakini ukurasa wa maelezo unasema kwamba namba isiyo wiani ni ile ambayo desimali yake haikomi. Kwa maelezo hayo, 1/3 ingekuwa isiyo wiani, na pia 1/17 ambayo darasa zima limetoka jasho kuigawanya. Yaliyokosekana ni maneno machache: haikomi wala haijirudii. Maalim aliliona kosa hilo na akalisahihisha kwa mdomo, lakini anayekuja katikati ya muhula hununua kijitabu kile kile na husoma maneno yale yale.

Kasoro ya pili ya kijitabu ni ya jambo kilichoacha kulisema. Maswali yote ya duara yanamtaka mwanafunzi atumie 22/7 badala ya pai, yaani namba inayopatikana mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake, na hapana mstari hata mmoja unaosema kwamba 22/7 ni makadirio. Matokeo yake yanajulikana: ukimuuliza mtoto kama pai ni namba wiani, atakujibu ndiyo, ni 22/7. Ukweli ni kwamba mwanahisabati wa Kigiriki Archimedes, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alionesha kwamba pai ni ndogo kuliko 22/7 na ni kubwa kuliko 223/71. Katika duara lenye kipenyo cha mita 10, mzingo unaopatikana kwa 22/7 unazidi mzingo wa kweli kwa sentimita moja na robo hivi. Si tofauti kubwa kwa anayejenga kisima, lakini kwa anayeuliza kama namba mbili ni moja, tofauti ni tofauti.

Darasani jambo hili lilifundishwa vizuri zaidi kuliko katika kijitabu. Maalim aliwasimulia habari za mwanahisabati al-Kashi, ambaye mwaka 1424, huko Samarkand, aliikokotoa pai hadi tarakimu 16 baada ya nukta, kazi ambayo kwa wakati wake hapakuwa na iliyoifikia. Halafu akawarudisha kwenye 1/17: mtu akizitazama tarakimu 16 za mwanzo za namba hiyo, bado hajaona chochote kikijirudia, kwa sababu fungu la kwanza ndiyo kwanza limekamilika. Basi wingi wa tarakimu, hata zikiwa sahihi zote, haukati shauri. Iliyokata shauri juu ya pai ni hoja, na ilitolewa na mwanahisabati Johann Heinrich Lambert mwaka 1761, miaka zaidi ya 300 baada ya al-Kashi. Maalim aliwaambia wazi kwamba uthibitisho wa Lambert unahitaji elimu ambayo hawajaifikia, na kwamba kwa sasa wanalipokea jambo hilo kwa kuaminiana. Naona hiyo ni heshima kwa mwanafunzi: ajue lipi amelithibitisha na lipi amelipokea.

Mazoezi ya darasani yalichaguliwa kwa makini. Kulikuwa na kipeuo cha pili cha 0.04, ambacho ni 0.2, kikifuatiwa na kipeuo cha pili cha 0.4, ambacho wengi walikiandika 0.2 au 0.02 kabla ya kuigeuza 0.4 kuwa 2/5 na kuona kwamba si wiani. Kulikuwa na kipeuo cha 8 kikigawanywa kwa kipeuo cha 18, namba mbili zisizo wiani zinazozaa 2/3. Kulikuwa pia na 0.1010010001…, ambapo sifuri huongezeka moja kila mara. Binti mmoja alishikilia kwamba hiyo ni wiani kwa sababu ina mpangilio, na mjadala uliozuka ulikuwa mzuri mno, kwa kuwa mpangilio upo kweli, lakini hakuna fungu moja la tarakimu linalojirudia, na fasili haikuuliza mpangilio. Jambo la kwamba namba wiani ikijumlishwa na isiyo wiani haiwezi kuzaa namba wiani lilielezwa kwa sababu yake, yaani ukiitoa ile wiani kutoka katika jumla ungelipata kilichobaki kuwa wiani nacho, na hilo haliwezekani. Kanuni kama hiyo ya kuzidisha iliachwa bila ya kutaja kwamba sifuri ni ya kutolewa humo. Ni jambo dogo, lakini wapo watoto wanaopoteza alama kwa jambo dogo kama hilo.

Chumba ni safi, ubao ni mkubwa, benchi zimebanana kwa sababu wanafunzi ni wengi. Ada hulipwa kwa mwezi, na haizidi ile inayotozwa kwingine hapa mjini. Kipindi huchelewa kuanza siku za mvua. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na mwisho wa kila kipindi wanafunzi huandika istilahi za Kiingereza watakazokutana nazo skuli, utaratibu ambao umemsaidia mwanangu kuliko nilivyotarajia.

Mwenye mtoto wa Kidato cha Nne anayetaka kupitia karatasi za mitihani iliyopita moja baada ya nyingine amtafutie pahala pengine, kwa sababu hapa huenda kwa mwendo wa polepole na swali moja laweza kuchukua jioni nzima. Kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili napendekeza bila ya kusita, na ni bora mtoto aanze kabla ya mada ya vipeuo kufikiwa, kwa kuwa yanayofuata yote yanategemea siku ile ya kugawanya 1 kwa 17. Atakayenunua kijitabu amsahihishie mtoto mwenyewe kwa kalamu ukurasa wa maelezo, aongeze maneno “wala haijirudii”, na kando ya kila swali la duara aandike kwamba 22/7 ni makadirio, hadi hapo toleo jipya litakapochapwa.